Maji Yanapokwisha Pipani: Waswasi Ndani ya Nyumba za Wiyoni

Maji ya mji wa Amu, yaani Lamu, hutoka Shela. Mvua hunywewa na vilima vya mchanga vya huko, na visima vilivyochimbwa kando yake ndivyo vinavyolisha mitaa ya mji mpaka Wiyoni, upande wa kaskazini. Mji umekua kuliko visima. Basi maji hukingwa yanapotoka, yakatiwa kwenye mapipa na madumu, na kila mtu wa nyumba hujua ni kiasi gani kimebaki.

Katika nyumba ya namna hiyo, pipa hutambua ugonjwa wa waswasi kabla ya daktari.

Tuseme ni kijana wa miaka 17, mwanafunzi wa sekondari, mtiifu, wa kwanza kuamka kabla ya adhana ya alfajiri. Anaingia msalani kutawadha. Anaosha mkono wa kulia mara tatu, kisha anahisi kwamba kiwiko hakikupata maji, anaanza upya. Akifika miguuni, tone linaruka kutoka sakafuni. Je, lilikuwa na najisi? Anavua kanzu, anaoga, anarudi kwenye udhu. Dada yake anagonga mlango. Baba ameshakwenda msikitini na amesharudi. Jua linachomoza na kijana bado yuko na kopo mkononi, ngozi ya vidole imechanika, na sala ya alfajiri imempita yeye aliyeamka mapema kuliko wote.

Kijana huyo ni wa mfano tu, si wa nyumba hii wala ile. Lakini dalili zake zinajulikana vizuri. Profesa Ahmed Okasha wa Chuo Kikuu cha Ain Shams mjini Cairo na wenzake walichapisha mwaka 1994 uchunguzi wao juu ya wagonjwa 90 wa maradhi haya nchini Misri, na fikra zilizoongoza zilikuwa za dini na za uchafu. Madaktari wa Saudi Arabia nao wameandika habari za wagonjwa wanaokwama kwenye udhu na kwenye takbira ya kuhirimia. Ugonjwa huvaa nguo za mahali ulipo. Penye watu wanaoogopa vijidudu, mgonjwa huogopa vijidudu, na penye watu wanaosali sala tano, ugonjwa humsubiri mtu mlangoni mwa msala.

Hospitalini ugonjwa huu huandikwa kwa herufi tatu, OCD. Una sehemu mbili zinazoshikana. Ya kwanza ni fikra isiyoalikwa, inayorudi tena na tena na kumtia mtu hofu, kinyaa au hisia ya dhambi. Ya pili ni kitendo anachokifanya ili fikra ile itulie: kuosha, kukagua, kuhesabu, kurudia neno, kuuliza. Kitendo hutuliza kweli, kwa dakika chache. Kisha fikra hurudi ikiwa na nguvu zaidi, kwa sababu akili imejifunza kwamba palikuwa na hatari na kwamba kuosha ndiko kulikookoa. Ni kama upele: kujikuna kunapoza, na kujikuna ndiko kunakoueneza.

Katika kila watu 100, wawili au watatu hupatwa na hali hii wakati fulani wa maisha yao, na kwa wengi huanza kati ya utoto na miaka ya ishirini na kitu. Hurithika kwa kiasi: mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja anayeugua yuko karibu nao zaidi kuliko mtu mwingine. Picha za ubongo zinaonyesha kwamba mawasiliano kati ya sehemu ya mbele, juu ya macho, na viini vya ndani huwa yamechangamka kupita kiasi, kwa hiyo ile hisia ya “imetosha, nimemaliza” ambayo wengine huipata bila kuitafuta haimfikii mgonjwa. Malezi mabaya hayausababishi. Udhaifu wa imani hauusababishi pia, na hili linafaa kusemwa kwa sauti kubwa mbele ya kila mzee anayedhani kijana wake anadeka.

Si kila mwenye waswasi anaosha. Kuna anayefunga mlango, akashika komeo, akaondoka hatua kumi, akarudi kulishika tena, mpaka majirani wanamcheka. Kuna asiyeweza kutoka jikoni kwa sababu ya jiko la gesi, na katika mitaa ambako paa za makuti zimekaribiana, hofu ya moto ina sababu za kweli za kujifichia. Kuna wa kupanga vitu: mwaka 2006 mchezaji mpira David Beckham alieleza hadharani kwamba ana ugonjwa huu, kwamba makopo ya vinywaji ndani ya friji lazima yawe shufwa, na kwamba lililozidi hulitoa akalificha.

Na kuna kundi linalonyamaza kuliko yote, nalo ndilo linalohitaji kuzungumziwa zaidi. Mama amejifungua, yumo ndani ya arobaini yake, mtoto amelala ubavuni. Ghafla inamjia picha ya yeye mwenyewe akimdhuru mtoto. Anashtuka, anatetemeka, anaomba visu vyote viondolewe chumbani, anakataa kubaki peke yake na mwanawe, anakataa kumwogesha. Hamwambii mtu, kwa kuhofia kwamba atanyang’anywa mtoto au ataambiwa amepagawa. Kipindi cha mimba na kujifungua ni miongoni mwa nyakati ambazo waswasi huanza au huzidi. Mama wa namna hii anaiogopa ile picha kwa sababu inapingana na kila anachokipenda, na hofu hiyo yenyewe ni alama ya waswasi. Hali tofauti kabisa, na ya dharura, ni ya mzazi anayesikia sauti, anayeamini kwamba mtoto ni jini au kwamba ameamrishwa kumdhuru, ambaye halali na maneno yake hayashikani. Huyo asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitali saa ile ile.

Fikra chafu peke yake si ugonjwa. Mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva, mjini London, waliwauliza watu wazima wasio na maradhi yoyote ya akili kama huwa wanajiwa na mawazo ya kutisha, ya aibu au ya kufuru. Takribani wanane katika kila kumi walikubali, na yaliyomo yalifanana sana na ya wagonjwa. Tofauti ni kwamba mtu mzima wa afya huliacha wazo lipite, na mwenye waswasi hulifungulia kesi.

Masahaba walilileta jambo hili hili mbele ya Mtume. Walimweleza kwamba wanaona nyoyoni mwao mambo ambayo kila mmoja anaona ni makubwa mno kuyatamka, na jibu walilopewa, kama lilivyopokewa katika Sahihi Muslim, ni kwamba kule kuchukizwa kwao ni dalili ya imani iliyo wazi. Kijana anayelia kwa sababu neno la kufuru limempitia akiwa kwenye sijida angefaa kuisikia habari hiyo kutoka kwa baba yake kabla hajaisikia kwa mtu mwingine yeyote.

Watoto wengi wa pwani huanza kusoma fiqhi kwa kitabu kidogo cha Safinatu Najaa, cha Salim bin Sumayr wa Hadhramaut, ambacho huorodhesha nguzo za udhu, aina za najisi na masharti ya maji. Ni elimu nzuri na ya lazima. Lakini mtoto aliyezaliwa na mwelekeo wa waswasi hushika orodha akaacha rukhsa, na madhehebu ya Imamu Shafii yana rukhsa nyingi. Njia za Amu ni nyembamba na punda ndio wanaobeba mchanga, mawe na mizigo; ni wengi kiasi kwamba shirika la Donkey Sanctuary limekuwa likiwatibu huko tangu mwaka 1987. Kinyesi chao kwa Mshafii ni najisi. Hata hivyo mafakihi wa madhehebu hayo hayo walisema zamani kwamba tope la njiani lisiloepukika limesamehewa, kwa sababu dini haikumtaka mtu aache kutembea. Kadhalika imepokewa kwamba Mtume akitawadha kwa mudi moja, yaani kibaba cha maji kisichofika lita. Mwenye waswasi humaliza ndoo tatu na bado hajaridhika.

Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, aliandika kitabu kizima cha kuwalaumu wenye waswasi. Lawama hazikuwahi kumponya mtu. Aliyefika karibu zaidi na tiba ni Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki Makka mwaka 1567, ambaye vitabu vyake vimetegemewa na wanazuoni wa Hadhramaut na wa pwani yetu. Aliulizwa dawa ya waswasi ni nini. Akajibu kwamba dawa yake ni kuupuuza moja kwa moja, hata kama shaka bado ipo moyoni. Anayeupuuza utamwondoka baada ya muda, na anayeusikiliza utazidi mpaka umfikishe kwenye hali ya wendawazimu. Kabla yake, katika karne ya 9 na ya 10, tabibu Abu Zayd al-Balkhi alikwisha kuzieleza fikra hizi sumbufu kama maradhi ya nafsi yenye njia zake za kutibiwa, mbali na huzuni na mbali na hofu.

Hapo ndipo msikiti na hospitali vinapokutana, na ingekuwa hasara kubwa kuvigombanisha.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa Hospitali ya Middlesex, London, alichapisha habari za wagonjwa wawili walioshindikana kwa kila tiba ya siku zile. Mmoja alikuwa mwalimu wa kike aliyezongwa na usafi, mwingine alisumbuliwa na fikra za kufuru. Meyer aliwakabili na yale yale waliyoyaogopa huku wauguzi wakiwazuia wasifanye vitendo vyao vya kujituliza. Kwa yule mwalimu, hata bomba la maji chumbani lilifungwa. Wote wawili walipata nafuu kubwa. Kutoka hapo ikakua tiba inayoongoza hadi leo: kuikabili hofu na kujizuia kujibu. Siku hizi mgonjwa hafungiwi bomba. Yeye mwenyewe hupanga ngazi pamoja na mtaalamu, kuanzia hofu ndogo mpaka kubwa, na hupanda kwa hiari yake.

Kwa yule kijana wa mfano, ngazi ingeweza kuanza kwa kugusa ukuta wa kichochoro na kukaa bila kunawa. Hofu hupanda kwa kasi, na mgonjwa huamini kwamba haitashuka kamwe. Hushuka. Mara nyingi nusu saa au saa moja hutosha, na kila siku inayofuata huanzia chini kidogo. Ngazi ya pili, kupita njia ya punda kwa ndara na kuingia nyumbani bila kuosha miguu zaidi ya watu wengine wa nyumba. Ya tatu, kutawadha kwa kopo moja lililopimwa, mara moja, na likiisha limeisha, asali na shaka yake. Ya nne, kuhirimia kwa takbira moja tu. Hakuna hatua inayomtaka avunje dini. Anatakiwa afanye kama anavyofanya jirani yake mcha Mungu asiye na maradhi. Ndiyo maana inafaa maalim anayemwamini ashirikishwe tangu mwanzo, amweleze kijana mara moja hukumu yake, kisha asikubali kuulizwa tena. Fatwa ya kumi juu ya swali lile lile si fatwa tena, imeshakuwa dawa ya kutuliza.

Na hapa inaingia familia.

Nyumba ya Wiyoni haimwachi mtu augue peke yake, na huo ni utajiri. Lakini mapenzi yakikosa maarifa huwa mtumishi wa ugonjwa. Kijana anamwita mama yake: “Mama, nitazame, mkono umetohirika?” Mama anajibu: “Umetohirika, mwanangu.” Baada ya dakika tano anaitwa tena. Dada anafua shuka ambazo hazikuchafuka. Baba anashuhudia udhu na kuhesabu kwa sauti. Wageni wanazuiwa wasikalie mkeka fulani. Chakula cha mchana kinachelewa kwa sababu sufuria zimeoshwa mara ya tatu. Kila mmoja anafanya hivyo ili mgonjwa apumzike, na kila mmoja anauongezea ugonjwa siku. Lisa Calvocoressi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliolichunguza jambo hili mwaka 1995, walikuta kwamba karibu familia zote za wagonjwa walioangaliwa zilikuwa zimejiingiza katika vitendo vya ugonjwa. Chuoni hapo hapo Eli Lebowitz amejenga tiba inayowafundisha wazazi peke yao, hata kama mtoto anakataa kumwona daktari, na matokeo yake ni mazuri.

Kinachofundishwa ni kujitoa polepole, kwa ahadi na kwa upole. Wakubwa wa nyumba hukaa na mgonjwa wakati ametulia, si msalani katikati ya vita, na wakamwambia ni jambo gani moja wataliacha kuanzia wiki ile. Likiwa ni swali la tohara, mama atajibu hivi: “Hilo ni la waswasi, mwanangu, na tumekubaliana silijibu. Najua linakuchoma. Njoo ukae nami hapa mpaka litulie.” Siku za mwanzo kijana atamlilia, atamkasirikia, pengine atamtupia maneno. Mama asirudi nyuma, na asimkaripie.

Na nyumba nzima ikubaliane. Bibi akimwonea huruma mjukuu na kumnong’oneza uani kwamba mkono ni safi, kazi ya wiki imeharibika, na kijana amejifunza kwamba kuna mlango wa pili. Bibi aelezwe kwa heshima, kabla ya wote, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayesikilizwa.

Kumfungia, kumpiga, kumcheka au kumnyima maji kwa ghadhabu si tiba. Kunamfundisha kujificha tu, na mgonjwa aliyejificha ndiye anayefika mahali pa kutamani kufa. Mwenye waswasi akitaja kujiua, asisubiriwe mpaka kesho.

Familia nyingi hukimbilia kwanza kusomewa, na wengine hunywa kombe. Kisomo humtuliza mtu, na hakuna sababu ya kumnyima Muislamu kitabu chake. Tahadhari ni pale mgonjwa anapodai asomewe kila wazo linapomjia. Hapo kisomo kimegeuka kopo jingine la maji. Na yeyote anayesema kijana afungwe kamba au achapwe ili jini litoke, aonyeshwe mlango.

Dawa za hospitali nazo zipo. Fluoxetine na sertraline ndizo zinazotangulizwa, na clomipramine, ya zamani zaidi, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu hasa. Kwa waswasi, dozi huwa kubwa kuliko ya huzuni, na hazifanyi kazi upesi: lazima zipewe wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kuhukumiwa. Wengi huziacha wiki ya tatu wakisema hazikufaa. Haziachwi ghafla, na vijana waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwa kuwa wachache hupata fikra za kujidhuru. Dawa na mazoezi ya kuikabili hofu, vikienda pamoja, huwasaidia wengi walio katika hali nzito.

Tatizo ni umbali. Mkazi wa Wiyoni huanzia hospitali ya King Fahd mjini Amu, ambako anaweza kuchunguzwa na kuandikiwa rufaa. Kumfikia daktari bingwa wa akili mara nyingi ni safari: mashua mpaka Mokowe, kisha basi la kupita Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa, ambako hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha maradhi ya akili. Hospitali ya Mathari ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910, iko mbali zaidi. Zanzibar wana Kidongo Chekundu, Dar es Salaam wana Muhimbili. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliishauri serikali ya Kenya itangaze afya ya akili kuwa dharura ya taifa, na mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ilirekebishwa ili huduma zisogezwe kwenye kaunti. Kisiwa kama Amu ndicho kipimo cha sheria hiyo. Kwa sasa, baada ya kumwona daktari mara ya kwanza, mazoezi mengi yanaweza kuendelea kwa simu ya video, na tiba ya namna hiyo imethibitika kufaa.

Familia iliyovuka miezi ya kwanza ijue kwamba waswasi hurudi kunusa mlango nyakati za msukosuko: mtihani, ndoa, uzazi, msiba. Ramadhani ni mojawapo. Mwenye waswasi huanza kutema mate siku nzima kwa kuhofia kwamba kuyameza kutamfunguza, ilhali mate ya kinywani mwake mwenyewe hayabatilishi saumu. Au hurudia nia ya kufunga mpaka wakati wa daku unapita. Mpango wa nyumba upitiwe tangu Shaabani, wakiwa wote wamekaa pamoja: nani atajibu nini, kopo lipi la udhu litatumika, nia itawekwa mara moja na saa ngapi. Vidonge vinavyomezwa mara moja kwa siku vinaweza kuhamishiwa baada ya futari kwa ushauri wa daktari, bila kukosa hata siku moja. Na ikiwa daktari amesema kijana asifunge mwaka huo, baba ndiye anayefaa kuwa wa kwanza kumwekea sahani ya mchana, bila maelezo kwa majirani.